Siku Arobaini za Bi Nukta

Kwa miaka kumi na saba mama mmoja alisoma prufu, zile karatasi za majaribio zinazosakwa makosa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji, na katika miaka hiyo yote hakuna karatasi iliyopita mbele yake ikaondoka salama. Kadi za mialiko, kalenda, matangazo ya minada, vyote alivichora kwa kalamu nyekundu. Hata barua ya kumpandisha cheo aliirudisha kwa bosi ikiwa na koma mbili alizoziongeza mwenyewe. Wenzake wakamwita Bi Nukta, naye jina hilo akalipokea kama nishani.

Alipoacha kazi ili ajitegemee, siku ya kuaga aliomba aseme maneno mawili, akasema dakika ishirini. Aliwaambia wenzake, ambao macho yao yote yalikuwa kwenye keki, kwamba ajira ya kudumu humlaza mtu, kwamba yeye sasa atakuwa bosi wake mwenyewe, na kwamba siri ya kujitegemea ni nidhamu. Nidhamu aliitaja mara sita. Anajua ni mara sita kwa sababu mpiga chapa wa zamu ya asubuhi alikuwa akihesabu, na mpaka leo wakikutana njiani humwonyesha vidole sita.

Kazi ya kwanza ya mkataba ilikuja wiki ileile. Mhariri wa shirika moja la vitabu, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alimpigia simu.

"Ni kitabu cha sayansi, darasa la sita. Kurasa mia mbili na arobaini, siku kumi na nne. Utaweza, dada?"

"Hilo tu?" alijibu Bi Nukta, kichwa kimeshavimba.

Mkataba ulipoletwa aliutia sahihi palepale mlangoni, ameulaza kwenye kiti cha pikipiki ya aliyeuleta. Kisha akaenda jikoni na kuandika kwenye kalenda, kwa wino mwekundu: siku arobaini. Arobaini ya kurasa ilikuwa imehama kichwani mwake na kuwa ya siku, na karatasi ambayo ingemsahihisha aliikunja na kuitia kwenye droo. Yeye, aliyesoma hadi maandishi ya nyuma ya tiketi, hakusoma mstari hata mmoja wa mkataba wake.

Akaanza kazi kwa mbwembwe. Siku ya kwanza alivaa suti na viatu vya kisigino, akaketi kwenye meza ya kulia chakula saa mbili kamili. Saa nne akanywa chai ya mapumziko, akatazama kushoto na kulia apate mtu wa kumsengenyea bosi. Bosi alikuwa yeye mwenyewe, na ya kumsengenya hayakukosekana. Siku ya tatu viatu vilibaki chumbani. Siku ya sita suti nayo ikabaki. Alichonga penseli kumi na mbili, akafua mapazia yote ya nyumba, eti vumbi huchosha macho ya msomaji.

Mama mkwe wake, mwalimu mstaafu aliyeishi naye na mumewe, alimtazama kwa huruma.

"Mwanangu," alimwambia asubuhi moja, "kama wamekufukuza niambie. Mimi si mtu wa kukucheka."

"Mama, niko kazini."

"Kazini, umevaa gauni la kulalia?"

Na kwa kuwa alimwona hana kazi, alimtuma. Akamfuatie miwani kwa fundi, akamrudishie kitabu kwa mwalimu mwenzake, akaulizie dawa ya mgongo. Bi Nukta alikwenda kote huko kwa moyo mkunjufu. Haraka ya nini, na siku zote zile?

Siku ya kumi, Jumatatu asubuhi, alikuwa juu ya stuli akirudishia mapazia simu ilipolia.

"Dada, nakukumbusha tu ile Ijumaa," alisema mhariri.

"Ijumaa kuna nini?"

"Kitabu, dada."

"Kaka, si bado tuna mwezi mzima?"

"Mkataba unasema siku kumi na nne."

"Najua," alisema Bi Nukta, ambaye hakujua. "Nilikuwa nakupima."

Alishuka kwenye stuli, akauchomoa mkataba kwenye droo. Kumi na nne. Iliandikwa kwa tarakimu, kwa maneno, na kwa herufi nzito, kana kwamba aliyeuandika alimfahamu. Kurasa alizokwisha kusoma zilikuwa thelathini na moja.

Wazo la kwanza lilikuwa kupiga simu kazini aseme anaumwa. Akakumbuka kwamba simu hiyo angeipokea yeye. Akampigia mumewe, fundi wa friji.

"Si uwaombe wakuongezee siku?" alisema mume.

"Niwaambie nini? Kwamba msomaji waliyempa kazi hajui kusoma?"

Mume alicheka mpaka mteja wake akasikika akiuliza kuna nini. Kisha akasema, "Kamwambie mama."

Bi Nukta alikwenda, akakiri yote, kuanzia kiti cha pikipiki mpaka mapazia. Mama mkwe alisikiliza bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo hujafukuzwa?"

"Bado, mama. Labda Ijumaa."

Bibi yule alivaa miwani yake, akavuta kiti. Kule kiwandani Bi Nukta alikuwa na mwenzake wa kumsomea muswada kwa sauti huku yeye akifuatisha prufu kwa kalamu. Sasa msomaji akawa mama mkwe, kwa sauti iliyokuwa imenyamazisha madarasa miaka thelathini na sita. Walianza alfajiri, wakafunga jua likizama. "Mmea, koma, kama mnyama, koma, huhitaji hewa, nukta, aya mpya." Bi Nukta akipiga mwayo, rula ilipiga meza.

Jumatano adhuhuri sauti ile ilikatika.

"Rudia hapo," alisema mama mkwe. "'Mwezi hutoa mwanga wake wenyewe.' Tangu lini?"

Bi Nukta akaangalia. Sentensi ilikuwa safi kama maji ya chupa, herufi zote mahali pake, na pembeni yake alikwisha kuweka alama ya kuipitisha.

"Mama, mimi naangalia tahajia."

"Na watoto wataangalia nini?"

Alifuta alama yake, akarudi nyuma kurasa zote alizozipitisha peke yake, safari hii akiuliza kila sentensi inasema nini. Uchungu ulimwingia kuona kwamba kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi wa koma. Alhamisi jioni walimaliza. Mama mkwe alikuwa amekauka sauti, akiomba maji kwa ishara.

Ijumaa Bi Nukta alipanda ngazi za ofisi ya mhariri akiwa ametunga uongo wa aina tatu, mmojawapo ukiwa na mafuriko ndani yake. Alipomwona yule kijana akimvutia kiti kwa heshima, wote ukamtoka kichwani.

"Kaka, ule mkataba sikuusoma," alisema. "Na sentensi hii ya mwezi nilikuwa nimeipitisha. Aliyeiona ni mama mkwe wangu."

Mhariri aliufungua ukurasa ule, akasoma, akabaki mdomo wazi. Sentensi hiyo ilikuwa imepita kwa mwandishi, kwake yeye, na kwa wakaguzi wawili.

"Dada," alisema taratibu, "huyo mama anapatikana?"

Bi Nukta alirudi nyumbani na mikataba miwili: mmoja wake mwenyewe, wa kitabu cha darasa la saba, na mwingine wa mama mkwe, awe mkaguzi wa masomo ya vitabu. Mama mkwe aliupokea wa kwake, akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba atafikiria. Akaingia chumbani na kufunga mlango. Punde akasikika akimpigia simu mwalimu mwenzake, akimsimulia habari za "kazi yangu mpya", akiongeza chumvi kila alipovuta pumzi.

Bi Nukta alijinyoosha kwenye kochi, saa nane ya mchana, siku ya kazi, akalala fofofo bila kumwomba mtu ruhusa.