Betri Iliyochelewa Dongobesh

"Huyo aliyemo mle ndani, anajua kwamba amekufa?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa ndani ya ua wa minyaa, nami nikiwa nje, njiani. Baba alikuwa amefariki, na kwetu Maretadu mjane alikaa mbali na watu kwa miezi mingi. Haendi sokoni, hachoti maji na wenzake, hapokei kitu mkononi mwa mtu. Niliweka chumvi na sabuni juu ya jiwe, nikarudi nyuma, ndipo akaja kuvichukua. Mimi nilikuwa chuoni baba alipofariki, nikafika baada ya maziko. Mama mdogo wa Dongobesh, mlokole, alinichukua nikae kwake, akisema maombi yameshauondoa mwiko huo. Nilikubali kwa sababu zangu nyingine: nilikuwa nimeahirisha masomo, na kwake kulikuwa na umeme. Sikuamini mwiko, na maombi pia sikuyaamini.

Mama alikuwa anauliza kuhusu laptop yangu. Likizo ya mwisho nilimrekodi baba kwa ajili ya kazi ya chuo, akieleza jinsi wazee walivyokuwa wakikopeshana ng'ombe. Katikati ya maelezo anakatisha, anamwita mama alete maziwa, na mama anaitika kutoka jikoni. Nilitaka asikie hapo. Niliona ni ukatili kumfungia mtu na kimya chake wakati sauti ya mumewe ipo. Nikaanza kumweleza kwamba sauti ni mawimbi tu, kwamba kompyuta huyageuza kuwa namba. Niliishia njiani. Hakuwa ameuliza hilo.

Tabu ilikuwa betri. Ilivimba mpaka kibodi ikainuka, na hata ukiichomeka laptop kwenye umeme ilizimika baada ya muda mfupi. Nyumbani hata huo umeme wa kuchomeka haukuwepo. Nikaipeleka kwa fundi wa redio na simu pale Dongobesh, mtu wa familia ya Kiislamu iliyokuja na duka kutoka Kondoa enzi za babu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, msomi. Mgonjwa wako kala nini, mbona tumbo limejaa hivi?"

Aliigeuza, akasoma maandishi ya chini, akatikisa kichwa. Betri kama hiyo Babati haipo, tuagize Arusha. Mkoa wetu ulikuwa bado mpya, umemegwa kutoka Arusha. Ofisi zilishahamia Babati, lakini vitu vilibaki Arusha.

Kabla hajaifungua nilimwomba tuiwashe, nihakikishe rekodi ipo. Ikawaka. Kwanza kilikuja kikohozi, kile cha baba cha kusafisha koo kabla hajasema neno. Kisha: "Imeshaanza?" Kioo kikawa cheusi.

Fundi aliondoa mkono mezani kama aliyegusa pasi ya moto.

"Inna lillahi. Huyu mzee redio yake nimeitengeneza mimi miaka yote."

"Ni rekodi tu, baba."

"Najua ni rekodi. Fundi ni nani hapa?"

Tangu siku hiyo lile swali la baba likanifuata. Nilikuwa nafua nguo, au nimekaa kanisani pembeni ya mama mdogo anayeimba, nalisikia: imeshaanza? Nilijua maelezo yake. Akili yenye majonzi hurudia kilichokatishwa, nilikuwa nimesoma hivyo. Maelezo hayo hayakunizuia kugeuka nyuma.

Kila siku ya mnada nilikuwa dukani kwake. Mara basi limekuja bila mzigo. Mara wameleta betri ya aina nyingine, meno hayakai. Mara Arusha wanasema mpaka itoke Nairobi.

"Na Nairobi wakisema ipo mbinguni?"

"Msomi, una mdomo wewe."

"Basi nitolee diski, nikaisomee kwingine."

"Bisibisi yake ndogo imeazimwa. Ipo Haydom."

Nilianza kuamini ameiuza vipande vipande. Nikawa napanda hadi Maretadu, nasimama nje ya minyaa, namwambia mama kwamba bado ipo kwa fundi, bado betri haijafika. Naye anajibu, "Haya," basi. Nilidhani ameshakata tamaa.

Mvua ziliisha. Wazee wakaja nyumbani, mama akanyolewa nywele, akaogeshwa, majirani wakaanza kumpa mkono. Mnada uliofuata, betri ikawa imefika. Mimi niliyekuwa naulizia kila kitu, siku hiyo nilishukuru nikaondoka mbio bila kuuliza.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharage. Niliweka laptop kwenye kigoda. Kikohozi. "Imeshaanza?" Ng'ombe, mikopo, majina ya watu wa zamani. Kisha baba akamwita. Kwenye rekodi mama aliitika kutoka jikoni, kwa haraka, kama mtu anayejua ataitwa. Huyu aliyekuwa mbele yangu alikunja vidole juu ya maharage. Hakuinua kichwa. Baada ya muda vidole vikaendelea.

"Yana mawe mengi mwaka huu," akasema.

Nilifunga laptop kwa hasira. Kwa miaka mingi nilimwona mama kuwa mtu mwenye moyo mgumu, na nilirudi chuoni nikiwa na wazo hilo.

Mama naye alishazikwa nilipopita tena Dongobesh na kuingia kwa yule fundi, sasa ana duka kubwa la simu. Tuliongea habari za mvua na za watoto wake, ndipo akaniambia. Betri ilifika na basi la kwanza. Lakini kesho yake mama alishuka kwa miguu kutoka Maretadu, akiwa bado kwenye kutengwa, mbele ya macho ya watu. Alisimama upande wa pili wa barabara, akakataa kiti, akamwambia kwa sauti kutoka kule kule: "Usiitengeneze sasa, ngoja ninyolewe kwanza. Nikisikia ananiita, nitaitika, na nikiitika nitamfuata."