Gauni la Kwanza Baada ya Plasta

Mume wangu ni fundi wa nguo Ngara. Aliteleza ngazini akavunjika mkono wa kulia, na plasta ilipotolewa tukakuta mkono umekonda, vidole havishiki hata uzi. Hospitali ikatutuma kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, katika kliniki moja huko Hurlingham.

Nilitarajia mwanamume wa makamo. Tukapokewa na msichana mrefu mwenye sauti laini. Aliushika mkono wa mume wangu, akaanza kumweleza.

"Ndani ya msuli kuna nyuzi za protini, nene na nyembamba. Zile nene zina vichwa vidogo. Vinashika nyembamba, vinavuta, vinaachia, vinashika tena mbele. Nyuzi zikiteleza hivyo pamoja, msuli unafupika, kidole kinakunjika."

"Kama kuvuta kamba ya kisima," mume wangu akasema, macho yakimng'aa.

"Kabisa! Na hata kuachia kunataka nguvu, kwa hivyo ule vizuri. Mkono ukikaa bure, protini hizo hupungua. Mazoezi yatazirudisha."

Ule vizuri! Na nani alikuwa akimpikia? Nani alikuwa akimfungia vifungo vya shati kila asubuhi?

Nyumbani nilimpa mpira aufinye, kama tulivyoagizwa.

"Mkono umechoka, mama watoto."

Tuliporudi kliniki, mbele ya yule msichana, akaufinya ule mpira ukabonyea. Wakacheka wote wawili. Mimi nilitabasamu kwa meno tu.

Tukiwa njiani nikamuuliza, "Kwangu mkono unachoka, kwake unapona?"

"Yeye ananieleza kinachoendelea ndani."

"Basi nieleze na mimi."

Akanieleza: nyuzi, vichwa, kushika, kuachia. Hakuacha neno la yule msichana hata moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mkono ulipona, akarudi kwenye cherehani. Kitenge changu kilikuwa kikingoja dukani tangu kabla ya ajali. Alikisukuma kando, akashona gauni la kijani.

"Mpelekee yule dada wa fizio. Ni kumshukuru tu."

Nililipeleka. Alilijaribu papo hapo, likamkaa sawasawa, mabegani na kiunoni.

"Mum, alijuaje vipimo vyangu?"

"Ni fundi," nikamjibu, nikaaga.

Ni fundi kweli. Ila mimi mke wake, hadi leo, hunipima kwa tepu kila anaponishonea.