Kichwa cha Delko mu Chumba cha Mama Mukwe

Miaka ile baada ya uhuru, mu Butembo, gari lilikuwa na maadui wengi kuliko panya. Leo wanapita waasi: "Ndugu, tuazime gari, kesho tutarudisha." Kesho wanapita askari wa serikali: "Ndugu, uliazima waasi? Azima na sisi." Na ile kesho ya kurudisha, mpaka ninapoandika haya, bado iko njiani. Basi wenye magari walijifunza kuyanyonyoa kama kuku: mipira ya magurudumu kwa ndugu, batiri kwa rafiki, kiti kwa jirani. Kilichobaki uani, hata mwizi alikihurumia.

Shemeji yangu, Mwislamu wa Beni aliyeoa dada yangu mkubwa, alikuwa na kamyoneti, gari dogo la mizigo, na kwa kuficha alituzidi wote. Ndiye aliyepaswa kunipeleka Beni siku ya ndoa yangu. Baba mukwe alikuwa ametuma neno: vita imeahirisha ndoa hii vya kutosha, padiri akimaliza misa bila bwana arusi kuonekana, mbuzi watarudi kwetu, na binti atarudi nyumbani.

Asubuhi nikafika kwa shemeji na koti langu jipya, tai imenikaba kama deni. Alikuwa amekwisha kurudisha mipira na batiri, amejaza maji mu radiyateri.

"Bado kichwa cha delko," akasema, ile kofia nyeusi inayogawa moto. Bila hiyo moteri ni jiwe.

"Iko wapi?"

Akatazama chini. "Dada yako aliificha pahali hata jeshi zima haliwezi kuingia. Mu chumba cha kulala cha mama yako, nyumba hii ya jirani."

Kwetu Banande, mwanaume haingii chumba cha mama mukwe. Hata nyumba ikiwaka, atauomba moto umutolee vitu nje. Na mimi mwana wake, mutu muzima mwenye diploma ya shule ya jioni, singethubutu pia. Dada na mama walikuwa wametangulia Beni kupika.

Tukamwita shangazi, dada ya baba, mwenye miguu mizito na mudomo mwepesi. Akaingia, sisi tukabaki chini ya dirisha, migongo imegeuzwa kwa heshima.

"Inafanana na nini?" akauliza kutoka ndani.

"Na kiwele cha ngombe, mama," shemeji akajibu. "Chuchu zinaangalia juu."

Dirishani ikatoka funeli. "Ni hii?"

"Hapana, mama."

Ikatoka pasi ya makaa. Kikatoka kinu cha kahawa.

"Shangazi, kiwele!" nikalia.

"Nani alikuambia mimi ninakamuaka magari?"

Mwishowe kikatoka, kimefungwa mu kitambaa cha mama cha kwenda kanisani Siku ya Mungu. Shemeji akakipokea kama mutoto muchanga, akakipachika. Moteri ikanguruma mpaka watu wa Rughenda, kwenye uwanja wa ndege, wakafikiri ndege inatua. Nikaruka ndani. "Twende!"

Shemeji akakanyaga freni. Pedali ikashuka mpaka chini, laini kama inazama mu ugali. Akazima, akashuka.

"Hapana freni."

"Lakini shemeji, misa imeanza! Tuteremuke tu, tutafika mbio."

"Tutafika mbio mbinguni, wewe kwa mulango wenu, mimi kwa mulango wetu." Akanipiga bega. "Arusi ikipoa, wataipasha moto. Wewe ukipoa, nani atakupasha?"

Hapo akakumbuka: ni yeye mwenyewe alitoa mafuta ya freni, ili muazimaji asifike mbali, na dada akaficha chupa mulemule mu chumba. Shangazi akarudi chumbani, akatoka na chupa. "Hii? Mama yako anasema ni dawa ya mugongo!"

Shemeji akajaza, akalala chini ya gari kutoa hewa mu mabomba ya freni. Mimi juu, na tai yangu, nilikuwa dansa. "Kanyaga! Shikilia! Achilia!" Nilikanyaga mpaka nikahisi nimetembea kwa miguu mpaka Beni na kurudi. Kisha akaendesha pole pole mbele ya nyumba, anasimama, anaendesha, anasimama, mpaka kuku wakaacha kukimbia. Ndipo tukaondoka.

Beni tukakuta watu wanaimba wimbo wa mwisho. Baba mukwe alikuwa nje, amekwisha kumshika binti mukono. Nikapiga magoti kueleza. Akanipita kama mutu anavyopita nguzo, akaenda kwa kamyoneti.

"Ndiyo itabeba mutoto wangu kurudi Butembo?"

"Ndiyo, baba," shemeji akajibu.

Baba mukwe akamwachilia binti, akavua koti. "Mutoto wangu hapandi kamyoneti ambayo sijaiangalia. Freni?"

"Zinakamata, baba."

"Nitaona." Akapiga mipira teke, akanusa radiyateri, akatingisha usukani, akaingia chini. Wimbo ukaisha. Watu wakatoka, wakatuzunguka. Mwishowe padiri mwenyewe akaja, amevaa bado kanzu ya misa.

"Ninafungisha ndoa ya nani leo? Ya huyu kijana ao ya kamyoneti?"

Sauti ikatoka chini ya gari: "Ngojea kidogo, Padiri. Bado mupira wa akiba."