Mama alivyoenda kumpokea Koku katikati ya kiwanja cha ndege

Wakuu, za muda huu. Hili nililiona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka chini.

Mdogo wangu Koku anasomea urubani. Siku hiyo alikuwa kwenye safari ya mazoezi na mwalimu wake, kindege cha viti viwili, na wangetua kwenye kiwanja cha nyasi huku kwetu Karagwe. Akanipigia: "Kaka, mlete mama anione."

Nikafunga duka Kayanga, nikamfuata mama kijijini Nyakasimbi. Nikamkuta na kitenge kipya na kikapu cha kamwani, ile kahawa yetu ya kumtafunisha mgeni.

Sasa kwetu mgeni wa heshima hasubiriwi mpaka afike. Unamfuata njiani, unampokea mzigo. Mama kaishi hivyo maisha yake yote.

Kindege kikatokea upande wa Kiruruma, kikaanza kushuka. Mimi nahangaika na simu nirekodi (ujinga wetu wa siku hizi). Kugeuka, mama hayupo.

Yuko katikati ya kiwanja, anakifuata kindege, kikapu kakiinua juu!

"Mama, toka! Toka hapo!"

Nilikimbia wakuu, lakini nilikuwa mbali. Kindege kilikuwa chini kabisa. Injini ikanguruma, kikalala upande, bawa likampita mama karibu mpaka kitenge kikapepea. Tairi likagonga ukingo wa kiwanja, pua ikazama kwenye mtaro wa pembeni.

Vumbi. Petroli inanuka.

Nilijua Koku ndiyo basi tena. Nililia kabla sijafika.

Mlango ukapigwa teke. Akatoka mwalimu, damu usoni, akamvuta Koku, mkono umevunjika. Mama yuko magotini, kamwani zote zimemwagika kwenye nyasi.

"Shikamoo mama." Koku alimwamkia huku ameushikilia ule mkono.

"Marahaba mwanangu. Nilikuja kukupokea."

"Nilikuona mama."

Baadaye mwalimu aliniambia alitaka kushika usukani yeye, akakuta Koku ameshageuza kuelekea mtaroni.

Nilichojifunza: ukimpeleka mzazi kiwanjani, mshike mkono. Video utaombwa na nani? Kama mna mama wa namna hii semeni, na wa kunitukana karibuni, nastahili.

Koku amepona na anaruka tena. Mama naye, akisikia ndege juu ya Nyakasimbi, anaacha jembe anaingia ndani ya migomba. Anasema anampisha mwanae.