Maboksi ya Bunju

Mume wetu alipofariki alituacha wajane wawili: mimi mke mkubwa, na mwenzangu, ambaye nilimwita bi mdogo hata alipoanza kuota mvi. Wakati wa uhai wa mume wetu tulisalimiana vizuri na kupelekeana futari mwezi wa Ramadhani, basi. Eda ilipokwisha tukajikuta tuna biashara yake ya matikiti mikononi, na hakuna kati yetu aliyeweza kuiendesha peke yake. Nikahamia kwake Dunda, tukaiendesha pamoja.

Matikiti tuliyanunua Makurunge tukayapeleka Dar yakiwa yamemwagwa tu kwenye gari juu ya majani. Ya chini yalikuwa yakipasuka. Mwenye duka tuliyemuuzia akatuambia mzigo mwingine uje kwenye maboksi, la sivyo atatafuta watu wengine. Alimaanisha yale makubwa ya karatasi ngumu yanayokaa juu ya paleti za mbao, ambayo mtu mzima akichuchumaa ndani humwoni. Mapya hatukuyaweza. Tukasikia kuna mtu Bunju anauza yaliyokwisha kutumika.

Tulikodi Canter, tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Uwanja wenyewe ulikuwa nyuma ya gereji, umezungushiwa mabati, na maboksi yamelazwa marundo marundo. Muuzaji alituamkia kwa adabu, tukamwitikia marahaba, akatuachia tuchague. Mimi nilitazama pembe na chini, kama karatasi imelegea. Bi mdogo alikuwa akilikunjua kila moja na kuingiza kichwa ndani, ananusa.

"Hili lilikuwa na sabuni," alisema. "Hili sijui, lina harufu ya dawa ya wadudu. Weka kule."

Muuzaji alivumilia, mwisho akashindwa. "Mama, unanunua boksi au unanunua harufu?"

"Watu watakula kitakachotoka humu, baba," alimjibu bila kuinua kichwa.

Jua lilitupiga mpaka adhuhuri imepita. Nilikuwa na hasira naye, maana mgongo uliniuma na nilitaka kwenda nyumbani, lakini sikuweza kusema kwamba anakosea. Tulipomaliza, yaliyofaa yalikuwa machache kuliko tulivyotaka. Tukayafunga kamba, tukapanda mbele na dereva.

Mvua ilitukuta Kerege, ile ya kumwagika kwa ghafla. Turubai la dereva lilikuwa limetoboka. Boksi la karatasi likilowa limekwisha, hulikaushi likarudi. Bi mdogo aliona msikiti kando ya barabara, akamwambia dereva asimame. Wanaume walikuwa wakitoka kwenye sala ya alasiri. Hakuwapa hata salamu iliyokamilika. Alisimama kwenye mvua, mtandio umemgandama kichwani, akapaza sauti: "Jamani, tusaidieni, sisi wajane!"

Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Imamu ndiye aliyetangulia, akaikunja kanzu yake kiunoni, na wenzake wakamfuata. Wakayashusha maboksi wakayapanga barazani. Ya juu yalikuwa yamekwisha kuwa uji. Mengine yalipona.

Mvua haikukatika upesi. Tukakaa barazani pembeni, tumelowa, tunatetemeka. Imamu alituletea chai kutoka kwake.

"Mimi nitarudi kwetu," bi mdogo alisema.

"Tutafika, mvua itakatika sasa hivi."

"Sisemi Dunda. Kwetu. Makurunge, kwa kaka yangu."

Nikamwuliza kama nimemkosea. Akatikisa kichwa.

"Hujanikosea. Nimechoka, mke mwenzangu. Tangu tumzike sijakaa nikamlilia. Edani nyumba haikukauka watu, na sasa kila nikitaka kukaa kuna gari la kupakia."

Na mimi sikuwa nimemlilia. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, tukakaa vile tukitazama maji yakipita barabarani.

Alingoja mpaka tukapakia matikiti kwenye maboksi yale, kisha kaka yake akaja kumchukua. Alibeba kitanda, vyombo vyake na mashine ya kushonea. Maboksi aliniachia yote, na nyumba pia. Mlangoni tulikumbatiana, jambo ambalo mume wetu angelishangaa.

Matikiti yalifika Dar mazima. Mwenye duka aliyagongagonga kwa kidole, akaagiza mengine. Nilirudi Dunda jioni, nikafungua mlango, nikakaa kitini na baibui langu mwilini. Nyumba ilikuwa kimya. Nilidhani nitalala palepale, lakini machozi yalinijia kwanza, mengi, nikayaacha yatoke mpaka nikasikia wanaadhini magharibi.