Tenti ya matanga itawekwa wapi?

Leo mchoro wangu mzuri kuliko yote umeangushwa na swali moja.

Ni jengo refu la apartments za wadosi, watu wa pesa, hapa Nakuru. Ukiwa kitandani unaona ziwa. Chini, swimming pool na gym. Nikiwaonyesha, mzee mwenye ploti alikuwa anatabasamu tu.

Mke wake alihesabu ghorofa kwa kidole. Halafu akaniuliza:

"Kijana, mtu akifiwa huko juu, tenti itawekwa wapi?"

Nikamwonyesha lounge.

"Hapo ni pa watu wa kahawa. Mimi naongea juu ya watu wa kuja kuomba kila jioni, na masufuria ya chai."

Nikaangalia mchoro wangu. Hata mbwa wana mahali pa kuoshewa. Waombolezaji hawana pa kukaa.

"Chora tena," mzee akasema.

Sasa niko hapa nafuta pool, na nimechoka kabisa.

Wenye mnaishi kwa ghorofa, nyinyi hufanya aje?

Mimi naishi ghorofa ya nne, Lanet. Baba alipofariki, watu walikuja kutuombea wakakaa kwa ngazi.