Maziwa Yaliyopigwa Jua

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha Ujamaa, upande wa Mgori, mvua zilichelewa na jua halikuwa na adabu. Asubuhi nilikwenda kung'oa visiki kwenye shamba la kijiji, nikamwacha mwanangu wa kwanza, kitoto kichanga bado, kwa mama mkwe. Mchana nilirudi mbio, maziwa yamenijaa mpaka gauni limelowa.

Lakini kunyonyesha papo hapo ilikuwa mwiko. Maziwa yaliyopigwa jua yamechemka, walisema, yatamdhuru mtoto. Ni lazima uyakamue chini, kisha ukae ndani mpaka mwili upoe. Mama mkwe alilisimamia jambo hilo kwa ukali kuliko balozi wetu wa nyumba kumi alivyosimamia shamba. Basi nikakamua titi moja, vumbi likayanywa, mtoto ananitazama.

Siku hiyo hakulia kama alivyozoea. Alitoa kisauti chembamba, bila chozi hata moja. Nikapapasa nepi niliyomfunga asubuhi, kipande cha kanga kuukuu. Ilikuwa kavu. Nikamgusa utosini, pamebonyea.

"Mama, mtoto hajakojoa tangu asubuhi."

"Ni joto hilo. Malizia kukamua, halafu upoe."

Nipoe vipi, na moyo unanienda mbio namna ile? Alipotoka kuanua mtama, niliingia chumbani na mtoto, nikarudishia mlango, nikampa titi lililobaki. Hakuwa na nguvu ya kunyonya. Nikamkamulia matone mdomoni, kidogo kidogo. Niliogopa kwamba namuua kwa maziwa hayo, na niliogopa zaidi kuacha. Akameza. Akameza tena. Baada ya muda alishika chuchu mwenyewe, akavuta.

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini. Sikuwahi kumbishia hata siku moja.

"Simwachishi, mama."

Alibaki pale pale akitutazama, nami nikaendelea kunyonyesha kwa woga, nikingoja anipokonye mtoto. Ndipo mkojo wa moto uliponishukia mapajani. Nikaanza kulia.

Mama mkwe alikaa chini taratibu. Akaifungua ile nepi, akaishika kwa mikono yote miwili ikiwa imelowa, wala hakuiweka chini.

"Wangu wawili walinifia kiangazi kama hiki," akasema. "Nilikuwa nayakamua yote."